Vincent du Vigneaud: Mkemia aliyeipa dunia sindano ya kuzuia damu uzazini, na swali kubwa kuhusu ubongo

BUKAVU – Katika vyumba vya kujifungulia vya Bukavu, kuanzia Kadutu na Bagira hadi Ibanda, kuna kichupa kidogo cha kioo ambacho mkunga hukiweka karibu kabla mtoto hajatoka. Dawa iliyomo ni oksitosini, ambayo wengi hapa wanaitaja kwa jina lake la Kifaransa. Mtoto akishazaliwa, mama huchomwa sindano moja ya yuniti 10. Mfuko wa uzazi unajikaza, mishipa inabanwa na damu inapungua. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, lakini ndiyo inayoweza kuamua kama mama atarudi nyumbani na mtoto wake.

Mtu aliyeonyesha dawa hiyo imeundwa na nini, kisha akaitengeneza kwa mikono ya kemia bila kuchukua tezi ya mnyama, ni Vincent du Vigneaud wa Marekani. Alizaliwa Chicago tarehe 18 Mei 1901 na kufariki tarehe 11 Desemba 1978. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1955.

Maisha yake yana sehemu mbili. Ya kwanza aliiishi mwenyewe maabarani. Ya pili ilianza baada ya kifo chake, pale wanasayansi walipochukua kitu kilekile alichokitengeneza na kuanza kukitafuta ndani ya ubongo wa panya wa aina mbalimbali, wakiwemo wa Afrika Mashariki.

Mtoto wa fundi wa mashine

Baba yake, Alfred, alikuwa mbunifu wa mashine na mvumbuzi. Hapakuwa na mali nyingi nyumbani. Mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea mwisho, kijana Vincent alipelekwa kufanya kazi shambani, na kwa muda alifikiri angekuwa mkulima. Dada yake Beatrice ndiye aliyemshawishi aingie chuo kikuu asome kemia.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana, mji uliozungukwa na mashamba na mbuga za nyasi. Ili kulipa masomo alifanya vibarua, ikiwemo kuhudumu mezani kwenye mgahawa. Katika miaka hiyo alikutana na Zella Zon Ford, wakaoana Juni 1924. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1923 na ya pili mwaka 1924.

Wakati huo huko Kanada watafiti walikuwa wametoka kugundua insulini, dawa iliyowaokoa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakisubiri kufa. Du Vigneaud alisikia habari hiyo darasani na haikumtoka kichwani. Alitaka kujua ni kitu gani hasa ndani ya insulini kinachofanya kazi. Mwaka 1927 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Rochester kwa utafiti wa salfa iliyomo ndani ya insulini. Baadaye alifanya kazi Johns Hopkins kwa John Jacob Abel, kisha akavuka bahari kwenda kujifunza Dresden, Edinburgh na London.

Salfa ndiyo iliyomwongoza maisha yote. Aliikuta ndani ya insulini, ndani ya vitamini inayoitwa biotini ambayo muundo wake aliufafanua mwaka 1942, na ndani ya penisilini aliyoifanyia kazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwishowe aliikuta ndani ya oksitosini.

Tezi ndogo chini ya ubongo

Hadithi ya oksitosini haikuanza na yeye. Mwaka 1906, Mwingereza Henry Dale alieleza kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya pituitari ya ng'ombe, tezi ndogo inayoning'inia chini ya ubongo, yalifanya mfuko wa uzazi wa paka mwenye mimba ujikaze. Baada ya miaka michache madaktari walianza kuyatumia kwa wanawake wanaojifungua. Jina oksitosini linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuzaa haraka.

Tatizo lilikuwa moja. Dawa ilitoka kwa wanyama wa machinjioni, na ndani yake kulikuwa na mchanganyiko. Kulikuwa na kitu kinachokaza mfuko wa uzazi na kuteremsha maziwa, na kingine kinachopandisha shinikizo la damu na kuzuia mwili usipoteze maji, ambacho leo kinaitwa vasopresini. Nguvu ya chupa moja haikuwa lazima ilingane na ya nyingine. Daktari aliyemchoma mama sindano hiyo hakuweza kujua kwa uhakika kamili alichokuwa akiingiza mwilini mwake.

Du Vigneaud alianza kuichunguza tezi hiyo miaka ya 1930, alipokuwa mkuu wa idara ya biokemia katika Chuo Kikuu cha George Washington, mjini Washington, alikofika mwaka 1932. Mwaka 1938 alihamia chuo cha udaktari cha Cornell, mjini New York, akaendelea huko na kundi la watafiti wenzake. Vita vilisimamisha kazi hiyo. Vilipoisha, alirudi palepale alipoachia.

Kazi ilikuwa ya uvumilivu. Kwanza walitenga oksitosini na vasopresini, wakaisafisha tena na tena hadi ikabaki kitu kimoja. Kisha wakaivunja vipande vipande kuona imejengwa na nini. Walikuta ni mnyororo mfupi wa amino asidi, yaani vile vitofali ambavyo mwili unavitumia kujenga protini. Ukizifananisha na shanga, oksitosini ina shanga 9 tu. Sita zimefungwa pamoja kama bangili, na kinachofunga bangili hiyo ni salfa. Tatu zilizobaki zinaning'inia kama mkia.

Mwaka 1953 alitangaza mpangilio wa shanga hizo. Mwaka huohuo Hans Tuppy, akifanya kazi Vienna, alifikia jibu hilohilo kwa njia yake. Lakini du Vigneaud hakuishia hapo. Kwake, kujua mpangilio hakukutosha. Kama kweli ndivyo ilivyo, basi mtu akizipanga shanga hizo mwenyewe kwa mfuatano huo lazima apate kitu kinachofanya kazi ileile. Mwaka 1953 huohuo kundi lake liliitengeneza.

Walilinganisha ya kutengenezwa na ya asili katika kila kipimo walichokuwa nacho, kwenye mfuko wa uzazi wa panya, kwenye shinikizo la damu la kuku na kwenye maziwa ya sungura. Baadaye ilipimwa kwa akina mama. Zote mbili ziliteremsha maziwa na kukaza mfuko wa uzazi kwa namna moja. Hiyo ilikuwa homoni ya kwanza ya aina hiyo kutengenezwa na binadamu. Tangu hapo haikuwa lazima tena kuichuja kutoka kwa ng'ombe.

Shanga moja kati ya ng'ombe na nguruwe

Kuna jambo jingine alilolionyesha, ambalo halikupigiwa kelele sana siku zile. Alipochunguza vasopresini aliona inafanana sana na oksitosini. Zote zina shanga 9 na bangili ya salfa, zikitofautiana kwa shanga mbili tu. Mabadiliko madogo hayo yanatosha kuifanya moja ishughulike na uzazi na nyingine ishughulike na maji na damu.

Aliona pia kwamba vasopresini ya nguruwe si sawa kabisa na ya ng'ombe. Shanga moja ilikuwa tofauti. Kwa hiyo kulinganisha mnyama na mnyama kulikuwa sehemu ya kazi yake tangu mwanzo. Ukitaka kujua kitu kinafanya nini mwilini, mtazame zaidi ya mnyama mmoja.

Wakati huohuo wanasayansi wengine walikuwa wakithibitisha kwamba tezi ya pituitari ni ghala tu. Oksitosini na vasopresini zinatengenezwa juu yake, ndani ya ubongo wenyewe, na seli za neva. Ndiyo maana leo zinaitwa neuropeptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi ambayo seli za ubongo huitumia kupeleka ujumbe. Swali likawa hili: kama ubongo ndio unaoitengeneza, je, unaituma mwilini tu, au na wenyewe unaitumia?

Du Vigneaud hakupata muda wa kuona jibu. Mwaka 1967 aliondoka New York akahamia Ithaca, kwenye kampasi kuu ya Cornell, akaendelea na utafiti. Mwaka 1974 alipata kiharusi kilichomaliza kazi yake. Alifariki miaka minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 77.

Panya wawili, ubongo mmoja mmoja

Mwaka 1979, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, Cort Pedersen na Arthur Prange wa Marekani walitangaza matokeo yaliyoshtua wengi. Panya majike wa maabara ambao hawakuwahi kuzaa, wakiwa wametayarishwa kwa homoni ya estrojeni, walipowekewa oksitosini ndani ya ubongo walianza kuwatunza watoto wasio wao. Kumbe ujumbe uliokaza mfuko wa uzazi ulikuwa na kazi nyingine kichwani.

Wakati huo, katika mashamba yanayozunguka Urbana, mji uleule ambako du Vigneaud alihudumu mezani ili asome, mtafiti Lowell Getz alikuwa akitega panya wadogo wa mbugani kwa ajili ya kuwahesabu. Aliona jambo la ajabu. Mara nyingi dume na jike walewale walinaswa pamoja kwenye mtego mmoja. Panya hao wanaishi wawili wawili, wanajenga kiota kimoja na wote wanatunza watoto. Binamu zao wanaoishi milimani magharibi mwa Marekani hawafanyi hivyo. Wanapandana, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Hapo ndipo ulinganifu ulipopata uwanja. Wanyama hao wawili wanafanana kwa umbo, na oksitosini yao ni ileile ya shanga 9. Mwaka 1992 Thomas Insel na Lawrence Shapiro walipima mahali vilipo vipokezi, yaani milango ya seli ambayo oksitosini huifungua, katika ubongo wa kila aina. Waliona tofauti iko hapo. Panya wa mbugani ana vipokezi vingi katika sehemu ya ubongo inayohusika na hisia ya kuridhika. Wa milimani anavyo vichache sehemu hiyo. Ujumbe ni mmoja, lakini nyumba zimewekewa milango sehemu tofauti.

Kulikuwa na jambo jingine katika utafiti huo. Jike wa milimani akishazaa, na kwa muda mfupi akawa mama anayetunza watoto, mpangilio wa vipokezi vyake unabadilika na kuanza kufanana na wa mwenzake wa mbugani. Uzazi wenyewe ulikuwa unaupanga ubongo upya.

Fuko wa Afrika Mashariki

Ulinganifu huo ulifika pia kwa mnyama wa ukanda wetu. Katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia anaishi fuko asiye na manyoya, ambaye maisha yake chini ya ardhi yanafanana na ya mchwa. Kundi lina malkia mmoja anayezaa, na wengine wanachimba, wanalinda na kulea. Mwaka 2010 watafiti walilinganisha ubongo wake na wa fuko wa Rasi ya Afrika Kusini, anayeishi peke yake. Yule wa jamii alikuwa na vipokezi vingi zaidi vya oksitosini katika sehemu ileile ya ubongo iliyoonekana kwa panya wa mbugani.

Kivu pia ina fuko wake, anayeishi peke yake katika shimo lake. Wakulima wa milimani wanamjua kwa uharibifu wa mizizi na viazi vitamu. Na huko Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947 kimekuwa mahali pa kuchunguza wanyama wa misitu na milima hii, wakiwemo wa jamii ya panya. Wanyama wa kulinganisha wapo karibu na nyumbani.

Hata hivyo, matokeo haya yamewafanya wengine waseme zaidi ya yanavyosema. Oksitosini imepewa jina la homoni ya upendo, na kuna wanaouza dawa ya kupuliza puani wakiahidi ndoa tulivu. Sayansi haijafika huko. Majaribio kwa binadamu yametoa majibu yanayotofautiana. Na mwaka 2023 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wa mbugani waliozaliwa bila kipokezi cha oksitosini bado walishikamana na wenzi wao na kuzaa watoto. Maana yake ni kwamba ubongo hautegemei njia moja tu. Mshikamano wa wawili una mizizi mingi, na oksitosini ni mmoja wao.

Dawa inayohitaji baridi

Lakini kwenye mfuko wa uzazi hakuna ubishi wa namna hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka wanawake wapatao milioni 14 hupata tatizo la kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua, na takriban 70,000 hufa. Shirika hilo linapendekeza sindano ya oksitosini kwa kila mama mara mtoto anapozaliwa, si kusubiri hadi damu imwagike. Wataalamu wanaonya pia isichomwe ovyo kuharakisha uchungu kabla mtoto hajatoka, kwa sababu inaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Kwa Kivu Kusini jambo hili si geni. Daktari Denis Mukwege aliamua kusomea magonjwa ya wanawake baada ya kuwaona akina mama wakifa kwa uzazi katika hospitali ya Lemera. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Bukavu mwaka 1999, ilitokana na wazo la kupunguza vifo hivyo, kabla vita havijaifanya ijulikane duniani kwa kuwatibu wanawake waliobakwa. Yeye naye alipata Nobel, ya Amani, mwaka 2018.

Udhaifu wa dawa ya du Vigneaud ni joto. Inatakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu polepole, bila kubadilika rangi wala harufu. Mkunga anaweza kuchoma sindano sahihi kwa wakati sahihi, na ndani yake hakuna tena nguvu ya kutosha. Bukavu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hali yake ya hewa si ya joto kali, lakini friji inategemea umeme, na umeme hukatika. Kwenye barabara ya kuelekea Uvira, Fizi au Shabunda, dawa husafiri safari ndefu kwenye joto kabla ya kufika katika kituo cha afya.

Kemia ileile imetoa sehemu ya jibu. Kwa kubadilisha kidogo shanga za oksitosini, wanasayansi walipata dawa inayoitwa kabetosini, na moja ya aina zake inavumilia joto. Mwaka 2018 jaribio lililohusisha karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, zikiwemo Kenya na Uganda, lilionyesha kuwa haiko nyuma ya oksitosini katika kuzuia damu. Mwaka uliofuata iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Hilo nalo limetokana na alichokifanya du Vigneaud. Bila kujua mpangilio wa shanga 9, hakuna ambaye angejua ni ipi ya kubadilisha. Miaka zaidi ya 70 baada ya kazi ile ya New York, namna ya kuitengeneza dawa si siri tena, na bei yake ni ndogo. Mama wa Bukavu au wa Shabunda anachohitaji sasa ni mkunga karibu naye, na friji ambayo haikuzimika njiani.